Kijana wa Miaka 18, Bado Utarefuka?

Kila mara tangazo la ajira za majeshi linapotoka, swali moja huvuma mabwenini na vijiweni: je, mtu wa miaka 18 bado anaweza kurefuka? Anayeuliza ana vyeti vyake, afya anayo, mbio anakimbia, ila amepungukiwa inchi moja au mbili. Matangazo ya Jeshi la Polisi Tanzania yamekuwa yakitaka futi 5 na inchi 8 kwa mwanaume, na futi 5 na inchi 4 kwa mwanamke. Jeshi la Ulinzi la Kenya hutaka walau sentimita 160 kwa mwanaume na 152 kwa mwanamke. Kipimo hakina undugu. Unasimama ubaoni, namba inasomwa, unaambiwa asante, mwingine aje.

Wengine wanalo swali hili bila kuwaza jeshi. Yupo mvulana wa kidato cha tatu ambaye mdogo wake amempita kichwa kizima, wageni wakija humsalimia mdogo kwanza wakidhani ndiye kaka. Yupo msichana aliyechoka kuitwa andunje darasani. Hawa nao wanauliza, mara nyingi kwa siri, na kwa kuwa wanauliza kwa siri hujibiwa na watu wasiofaa: muuza vidonge, rafiki wa jimu, au mtu wa mtandaoni anayeuza kozi ya mazoezi ya kurefusha mwili.

Jibu langu kwa wote ni hili. Inategemea mifupa yako, haitegemei miaka yako wala dawa utakayonunua. Wapo vijana wa miaka 19 ambao bado wana sentimita za kuongeza, na wapo wa miaka 15 waliokwisha maliza. Inawezekana kujua uko kundi gani, na njia zake si za gharama kubwa.

Tuanze na mfupa wenyewe. Mfupa mrefu, kama wa paja au wa muundi, haurefuki katikati. Hurefukia karibu na ncha zake, mahali penye tabaka jembamba la gegedu, kitu kile kile unachokitafuna kwenye ncha ya kidari cha kuku. Chembe za gegedu hujipanga mistari, huongezeka, hutanuka, kisha hugeuka kuwa mfupa, na nyingine hupangwa juu yake, kama fundi mwashi anavyopandisha ukuta kozi kwa kozi. Kazi hiyo ikiendelea, kimo kinaongezeka. Wakati wake ukifika, gegedu lote hugeuka mfupa, ncha na shina huungana, na mfupa huo haurefuki tena. Madaktari husema mfupa umefunga. Hakuna chakula, kidonge wala zoezi linaloweza kuufungua.

Kinachoufunga ni homoni iitwayo estrojeni. Wengi huijua kama homoni ya wanawake, lakini mvulana naye anayo. Mwili wake huitengeneza kutokana na testosteroni. Ushahidi ulikuja mwaka 1994, madaktari wa Marekani walipoeleza habari za mwanaume wa miaka 28 ambaye mwili wake ulizaliwa bila uwezo wa kuisikia estrojeni. Alikuwa na sentimita 204 na bado alikuwa anaendelea kurefuka, kwa sababu mifupa yake ilikuwa kama ya kijana wa miaka 15. Kwa hiyo balehe inafanya kazi mbili: inamrefusha kijana kwa kasi, kisha inamfungia. Anayebalehe mapema hurefuka mapema na kumaliza mapema. Anayechelewa huachwa nyuma kwa miaka kadhaa, halafu huendelea wakati wenzake wamekwisha simama.

Kwa watoto waliolishwa vizuri, ratiba huwa hivi. Msichana huanza kukimbia kwa kimo akiwa na miaka 10 au 11, na mwaka wa kasi kubwa huweza kuongeza sentimita 8. Hedhi ya kwanza huja kasi hiyo ikiwa imeshaanza kupungua; baada ya hapo wengi huongeza sentimita 5 hadi 7 tu, na baada ya miaka miwili hivi wanakuwa wamekaribia kumaliza. Mvulana huanza kama miaka miwili baadaye, hufikia kasi ya juu akiwa na miaka 13 au 14, sentimita 9 au 10 kwa mwaka, na wengi humaliza kati ya miaka 16 na 18. Miaka hiyo miwili ya ziada kabla ya kuanza, pamoja na kasi kubwa zaidi, ndiyo inayowafanya wanaume wawazidi wanawake kwa wastani wa sentimita 13 hivi.

Sasa, ratiba hiyo ukiisoma ukiwa kijijini Kongwa au Lodwar inaweza kukukatisha tamaa bila sababu. Imetokana na watoto wasiojua njaa. Kwa watoto waliokua kwa shida, balehe huchelewa. Utafiti uliochapishwa mwaka 1982 uliwalinganisha watoto wa vijijini nchini Kenya, waliokuwa na utapiamlo wa muda mrefu, na watoto wa familia zenye uwezo mjini. Wa vijijini walichelewa kubalehe kwa takriban miaka miwili kwa wasichana na mitatu kwa wavulana. Watafiti waliowapima wafugaji wa Turkana katika miaka ya 1980 nao waliona vijana wakiendelea kurefuka hata baada ya kuvuka miaka 20, na katika vijiji vya Gambia ilionekana vivyo hivyo. Tanzania, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 kati ya kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano wamedumaa. Watoto hao wakifika miaka 14 au 15 huonekana wafupi mno kwa umri wao, na wengi wao saa ya mifupa iko nyuma ya saa ya ukutani. Mvulana kama huyo akiwa na miaka 17 anaweza kuwa na mifupa ya miaka 14. Huyo usimwambie amemaliza.

Magonjwa nayo huchelewesha. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na selimundu, na ugonjwa huo huchelewesha balehe kwa mwaka mmoja au zaidi. Kijana mwenye selimundu anayetunzwa vizuri mara nyingi huwafikia wenzake, au huwakaribia, akiwa ameshavuka miaka ya sekondari. Aliyezaliwa na VVU, aliyeishi na ugonjwa wa moyo au figo, aliyekaa na minyoo na upungufu wa damu kwa miaka mingi, wote hawa wanaweza kuwa wamechelewa tu. Na wapo waliochelewa bila ugonjwa wowote, kwa sababu baba naye alianza kunyoa ndevu akiwa na miaka 20. Hilo ni la kuuliza nyumbani. Muulize baba au mjomba alirefuka lini. Jibu lake linaweza kukupa faraja kuliko chupa yoyote ya dawa.

Utajuaje uko wapi? Kwanza jipime, na ujipime sawasawa, kwa sababu vijana wengi wanalalamikia kimo ambacho hawakijui. Vua viatu na soksi. Simama kwenye sakafu ngumu, si kwenye zulia wala jamvi, visigino na makalio na mabega vikigusa ukuta, macho yakitazama mbele, kidevu kisinyanyuke wala kisiinamishwe. Aliyesuka nywele za kusimama utosini azifumue au azisogeze pembeni, maana fundo la rasta linaweza kukupa sentimita mbili za uongo. Mtu mwingine aweke kitabu chenye jalada gumu juu ya kichwa, ubavu mmoja wa kitabu ukilala ukutani, akikandamize mpaka kiguse fuvu, kisha apige alama ya penseli chini yake. Hapo ndipo upime kutoka sakafuni kwa futi ya chuma ya seremala. Futi ya fundi cherehani iache, imevutwa mno. Andika tarehe na saa.

Saa ina maana yake. Kati ya pingili za uti wa mgongo kuna visahani vya gegedu vinavyonyonya maji ukilala na kubonyea ukisimama kutwa. Asubuhi ukitoka kitandani una sentimita moja hadi mbili zaidi ya jioni. Kwa hiyo pima saa ile ile kila mara, na usipime kila wiki. Pima leo, kisha baada ya miezi sita, kisha baada ya mwaka. Aliyeongeza sentimita mbili au tatu katika miezi sita bado yuko mbioni. Aliyeongeza moja anaelekea ukingoni. Ambaye mwaka mzima umepita na alama iko pale pale, uwezekano mkubwa amemaliza.

Mwili wenyewe nao unatoa habari ukiuangalia. Nyayo hukua kwanza, kisha miguu, kisha kiwiliwili. Mzazi anayelalamika kwamba viatu vya shule vilivyonunuliwa Januari havimwingii tena mtoto Julai anaona mwanzo wa safari. Viatu vikidumu mwaka mzima lakini suruali zikawa zinapanda juu ya kifundo cha mguu, safari imefika katikati. Suruali zikitulia, ila mashati yakawa yanachomoka kiunoni na mabega yanabana, ni uti wa mgongo unaomalizia sehemu yake. Ndiyo sababu baadhi ya wavulana huongeza sentimita moja au mbili baada ya miaka 18 ingawa miguu yao ilikwisha funga. Ndevu zilizojaa na sauti iliyotulia kwa miaka kadhaa ni dalili ya mwisho. Sauti inayopasuka sasa hivi, au kidevu kisicho na unywele kwa mvulana wa miaka 17, huweza kuwa dalili kwamba yapo yaliyobaki.

Ukitaka uhakika, kuna picha ya eksirei ya mkono wa kushoto, kiganja pamoja na kifundo. Ni picha ya kawaida. Daktari huilinganisha na picha za watoto wa umri mbalimbali zilizokusanywa na Wamarekani wawili, Greulich na Pyle, katika kitabu chao cha mwaka 1950 ambacho bado kinatumika. Omba uonyeshwe. Kwa mtoto wa miaka 13 utaona kila mfupa wa kidole una kofia ndogo iliyotengana na shina lake, na katikati kuna mstari mweusi; pale ndipo penye gegedu, ambalo eksirei hailioni. Kwa aliyekaribia kumaliza, mistari ya vidole imeshapotea, umebaki ule wa kwenye kifundo cha mkono. Kwa aliyefunga, hakuna mstari mweusi popote, pengine alama nyembamba nyeupe tu inayoonyesha mahali ulipokuwa. Kijana akiiona picha hiyo kwa macho yake huacha kubishana na watu mitaani.

Si kila mfupi anahitaji picha hiyo, lakini wapo ambao kuwachelewesha ni hatari. Msichana aliyefika miaka 13 bila matiti kuanza kuchomoza, au miaka 15 bila hedhi, aende hospitali. Mvulana aliyefika miaka 14 bila dalili yoyote ya balehe, vivyo hivyo. Mtoto ambaye ukuaji wake ulikuwa mzuri kisha ukasimama ghafla, anayeumwa kichwa na kuona vibaya, mwenye rovu au anayechoka na kusikia baridi ovyo, aende haraka zaidi. Baadhi ya wasichana huzaliwa na upungufu katika kromosomu, hali ijulikanayo kwa jina la Turner. Huwapata takriban mmoja kati ya 2,000 hadi 2,500. Huwa wafupi na kwa wengi wao hedhi haiji yenyewe. Nyumbani hupelekwa kwa waganga, wakati daktari wa homoni angeweza kuwasaidia. Anzia hospitali ya wilaya, uliza rufaa kwa daktari bingwa wa watoto. Hospitali kubwa kama Muhimbili na Kenyatta zina wataalamu wa homoni za watoto.

Wengi watauliza kuhusu sindano za homoni ya ukuaji, kwa sababu ya Lionel Messi. Habari yake ni ya kweli. Aligunduliwa kuwa na upungufu wa homoni hiyo akiwa na miaka kama 11, akachomwa sindano kila siku kwa muda mrefu, matibabu ya gharama ambayo familia yake ilishindwa kuyaendeleza mpaka Barcelona ilipoyabeba. Leo ana sentimita 170. Wapenzi wa mpira husahau mambo mawili katika kisa hicho: alikuwa na ugonjwa uliothibitishwa, na alianza mifupa ikiwa wazi kabisa. Kijana wa miaka 19 aliyefunga akijichoma sindano hizo hatarefuka. Ataota mikono minene, taya litapanuka, moyo na sukari vitaharibika.

Hapo nimegusa jambo linaloniumiza zaidi katika habari hii yote. Vijana ambao bado wanarefuka wanauziwa vitu vinavyowafupisha. Wasichana wananunua deksamethasoni, vile vidonge ambavyo mtaani huitwa deksa, ili wanenepe na kupata umbo. Vidonge hivyo ni vya jamii ya stiroidi, na stiroidi zikitumika kwa muda mrefu hupunguza kasi ya mifupa kukua, hupandisha sukari na shinikizo la damu, na kudhoofisha kinga. Mvulana wa miaka 16 jimu anapewa sindano au vidonge vya jamii ya testosteroni ili kifua kijae. Mwili wake unageuza sehemu ya testosteroni hiyo kuwa estrojeni, na nimeshaeleza estrojeni inafanya nini. Misuli itajaa, mifupa itafunga kabla ya wakati wake, na sentimita alizokuwa bado anaudai mwili wake hatazipata tena. Anayemuuzia mtoto vitu hivyo anamwibia kitu ambacho hakirudishwi. Ila kuna onyo: kijana aliyeandikiwa stiroidi na daktari kwa ajili ya pumu, figo au ugonjwa mwingine asiziache ghafla kwa kusoma makala haya, kuziacha ghafla kunaweza kuua. Amweleze daktari wasiwasi wake, wapange pamoja.

Unga wa kopo wenye picha ya twiga, dawa za mitishamba za "kuamsha homoni", vidonge vya miezi mitatu vyenye ahadi ya inchi nne: vyote hivi sina maneno mengi navyo. Kama mifupa imefunga havifanyi kitu. Kama iko wazi, utarefuka uwe navyo au usiwe navyo, na muuzaji atajichukulia sifa. Muulize namba ya usajili wa TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania, au ya Bodi ya Famasia na Sumu ukiwa Kenya, uone atakavyobadilisha mazungumzo.

Kuning'inia kwenye mwembe au kwenye mwamba wa goli kunanyoosha vile visahani vya mgongoni kwa muda mfupi, na vinarudi. Wanaanga huko angani, ambako hakuna uzito wa kubonyeza mgongo, huongezeka hadi asilimia 3 ya kimo chao, na wakitua hurudi walivyokuwa. Mpira wa kikapu haumrefushi mtu pia; huwachagua warefu. Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam mwenye sentimita 221, aliyechaguliwa wa pili katika usajili wa NBA mwaka 2009, alianza mchezo huo akiwa kijana mkubwa, urefu ukiwa tayari unaonekana. Kwa upande mwingine, kunyanyua vyuma kwa uzito wa kadiri na chini ya mwalimu hakudumazi, na ndoo ya maji kichwani haimpi mtoto ufupi kama inavyosemwa. Punyeto nayo haihusiki na kimo. Kinachoweza kukatisha ukuaji wa msichana ni mimba ya utotoni, akiwa mwili wake wenyewe haujamaliza kujijenga.

Kama bado uko wazi, ufanye nini? Kula, na kula kwa mpangilio. Vijana wengi wa shule za kutwa hutoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri bila kitu tumboni na chakula cha kwanza ni saa tisa alasiri. Katika miaka ya kasi mwili unataka vifaa kila siku, hauwezi kungoja Jumapili. Ugali na maharage ni msingi mzuri, tatizo ni kuwa peke yake siku zote. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao wana protini na kalsiamu kwa pamoja, na bei yao haifikii ya nyama. Yai moja, maziwa au mtindi, karanga, mboga za majani, matunda ya msimu. Uji wa mahindi ukichanganywa karanga au maziwa ni kitu kingine kabisa. Tumia chumvi yenye madini joto, na umeze dawa ya minyoo inapogawiwa shuleni. Mzazi anayetenga fedha kwa kopo la unga wa kurefusha angenunua mayai, na akamtendea mwanawe haki.

Kulala nako. Homoni ya ukuaji hutoka kwa wingi katika usingizi mzito, na kijana anahitaji saa 8 hadi 10. Shule za bweni zinazowaamsha wanafunzi saa kumi usiku kwenda kujisomea, baada ya kuwalaza saa tano, zinawapa saa tano. Sisemi usiku mmoja wa mtihani utamfupisha mtu. Nasema miaka minne ya utaratibu huo, pamoja na chakula kile kile cha kila siku, katika umri wa kukua, ni jambo ambalo wazazi wana haki ya kulihoji kwenye kikao cha shule, na walimu wakuu wana wajibu wa kulisikiliza.

Utakula na utalala, lakini usitegemee kuvuka mipaka ya ukoo wako kwa mbali. Kwa watu waliolelewa vizuri, takriban asilimia 80 ya tofauti za vimo hutokana na urithi. Utafiti wa mwaka 2022 uliohusisha watu zaidi ya milioni 5 ulipata sehemu zaidi ya 12,000 katika vinasaba zenye mkono katika kimo cha mtu. Madaktari wana hesabu rahisi ya kukisia. Jumlisha kimo cha baba na cha mama; kwa mvulana ongeza 13, kwa msichana toa 13, kisha gawa kwa mbili. Baba mwenye sentimita 170 na mama mwenye 158 watakisiwa mvulana wa 170.5 na msichana wa 157.5, na mtoto anaweza kutoka juu au chini ya hapo kwa sentimita 8 au zaidi. Hesabu hiyo ina kasoro moja kubwa kwetu. Kama baba na mama walidumaa utotoni kwa njaa, vimo vyao havionyeshi walichozaliwa nacho, na mtoto wao aliyelishwa anaweza kuwapita vizuri tu. Wanawake wa Korea Kusini waliozaliwa mwaka 1996 walikuwa warefu kwa zaidi ya sentimita 20 kuliko waliozaliwa miaka 100 kabla yao. Vinasaba vyao havikubadilika kwa kiasi hicho katika karne moja. Kilichobadilika ni sahani, maji na hospitali.

Na kama umefunga? Upo upasuaji wa kurefusha mifupa ya miguu, uliobuniwa na daktari wa Kisovieti, Gavriil Ilizarov, katika miaka ya 1950. Mfupa hukatwa, kisha huvutwa kwa chuma milimita moja kwa siku. Sentimita 5 ni siku 50 za kuvuta, na miezi mingi ya kungoja mfupa ukomae, kukiwa na hatari ya usaha kuingia mfupani, mishipa kuumia na mfupa kukataa kuunga. Umewaokoa watu wenye mguu mmoja mfupi baada ya ajali au maradhi. Kwa kijana mzima anayetafuta inchi mbili za usaili, siushauri hata kama fedha ipo.

Kwa anayekwenda kwenye usaili na yuko mpakani, ushauri wangu ni wa kawaida: jua kimo chako halisi kwa sentimita kabla ya kupanda basi, maana futi 5 na inchi 8 ni sentimita 172.7, usisimame kutwa kabla ya kupimwa, lala vizuri usiku huo, jitahidi uwe miongoni mwa wa kwanza asubuhi, na nyoosha mgongo, kwa sababu wengi wetu tunapoteza sentimita nzima kwa kuinama. Ikiwa upungufu wako ni sentimita 6, soma masharti ya taasisi nyingine, hayafanani. Uuguzi, ualimu, umeme, uhandisi na udereva havina ubao wa kimo mlangoni.

Wazazi na walimu, majina ya andunje na kijeba yakome nyumbani na darasani. Kijana anayechekwa ndiye anayekwenda dukani usiku kununua kidonge asichokijua. Na yule mvulana wa miaka 14 ambaye hajaonyesha dalili yoyote ya balehe, msingoje amalize kidato cha nne. Mpelekeni hospitali mwezi huu, mifupa yake ikiwa bado wazi. Akifika huko mifupa imeshafunga, daktari atamwonyesha picha na hatakuwa na cha kumwongezea.